Kebini Ibaki, Chasisi Itoke

Pikapu kuukuu, iwe Toyota Hilux ya miaka ya 1980 au Land Cruiser ya kizazi cha 70, ni sehemu tatu zilizokutanishwa. Chini kabisa iko chasisi, ile fremu ndefu ya chuma inayobeba injini, giaboksi, ekseli na springi. Nyuma, juu ya chasisi, hukaa bodi ya mizigo. Mbele hukaa kebini, yaani chumba cha dereva, na chumba hicho hakikuchomelewa kwenye chasisi. Kimekalia raba nene, na kila raba imepitiwa na bolti moja ndefu. Bolti hizo zikifunguliwa, na kila waya na bomba linalounganisha juu na chini likiachanishwa, kebini huwa kofia tu: huvuliwa ikavalishwa tena.

Sababu za kuivua ni nyingi, lakini iliyo kubwa ni kutu. Gari lililofanya kazi Pwani miaka thelathini, likapakia samaki na mchanga wa baharini, huliwa mahali pasipoonekana: juu ya chasisi chini ya sakafu ya kebini, pale tope linapokwama kando ya raba. Fundi wa kuchomelea hawezi kupafikia kwa chini akafanya kazi ya maana. Wengine huivua kebini kwa kuwa raba zimekwisha na milango haifungi sawasawa, au kwa kuwa bomba la breki limeoza juu ya mhimili wa chasisi na mkono haupiti.

Si kila pikapu inavuliwa hivyo. Peugeot 504, iliyobeba mboga na abiria katika barabara nyingi za Afrika, kwa mbele imeundwa kama ndugu yake ya saluni: bati la kebini na mifupa ya gari ni kitu kimoja. Volkswagen Caddy ya kwanza ni hivyo hivyo. Anayetafuta bolti za kebini kwenye magari hayo atatafuta mpaka jua lizame. Land Rover ya zamani nayo ina desturi yake. Ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo mabati yake mengi yakawa ya aluminiamu na gari zima likafungwa kwa bolti kipande kwa kipande. Kebini yake haiinuliwi nzima. Hubomolewa: paa kwanza, ukuta wa nyuma, viti na masanduku yake, na mwisho lile bati zito la mbele linalotenganisha injini na abiria, ambalo ni la chuma na ndilo linaloliwa na kutu kuliko vyote.

Kwa pikapu ya kawaida ya milango miwili, kebini iliyotolewa viti, milango na kioo cha mbele huwa na uzito wa kati ya kilo 150 na 250, kutegemea aina. Vijana watano wenye nguvu wanaweza kuibeba, na hapo ndipo mtego ulipo. Kitu kinachobebeka kwa mikono humfanya mtu asahau kukiogopa, ilhali kilo 200 zikidondoka kutoka usawa wa kifua zinavunja mguu bila taabu. Tena kebini haina mahali pazuri pa kushika. Kingo zake ni bati lenye makali, na uzito wake haukai katikati: pedali, dashibodi, mota ya waipa na masta ya breki vyote viko mbele, kwa hiyo kebini tupu hulalia mbele mara inapoachiwa. Mbebaji wa nyuma huona kazi ni nyepesi, wa mbele anaelemewa.

Kwa hiyo njia iliyo salama nyumbani ni ile inayoonekana ya kivivu. Kebini haibebwi kwenda popote. Huinuliwa kidogo kidogo mahali pake ilipo, huegemezwa juu ya boriti na stendi, kisha chasisi yenye matairi ndiyo inayosukumwa itoke chini yake.

Mahali pa kazi pawe tambarare na pagumu. Sakafu ya zege ni bora. Udongo ulioshindiliwa unafaa. Mchanga wa Pwani haufai bila kutandikwa mbao nene, kwa sababu jeki hupenya mchangani polepole, upande mmoja ukashuka bila mtu kuona mpaka kebini imeshainama. Mbele ya gari pawe na nafasi ya kutosha urefu wa gari lenyewe, maana ndiko chasisi itakakokwenda. Na kwa kuwa hii ni kazi ya nyumbani, jiko la mkaa lihamishwe mbali na upande wa tangi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu ukapotea, hutambaa chini kama maji hadi ukutane na moto. Tangi liwe karibu tupu, na kuna pikapu chache za kale, hasa za Kimarekani, zenye tangi ndani ya kebini nyuma ya kiti. Tangi la namna hiyo hutolewa lote mara betri inapotoka, kabla ya kazi nyingine yoyote. Watoto na kuku wafungiwe upande wa pili wa ua.

Betri hutolewa kwanza, ncha ya hasi ikitangulia. Kisha bodi ya mizigo ishushwe, kwa kuwa itazuia chasisi kupita chini ya kebini, na bila bodi mtu hufika kwa urahisi kwenye bolti za nyuma. Halafu boneti, madigadi za mbele, na rejeta pamoja na fremu yake. Wapo mafundi wanaoziacha madigadi zitoke pamoja na kebini ili kuokoa saa mbili. Saa hizo hulipwa baadaye, kwa sababu pua ndefu huongeza uzito upande ule ule wa mbele uliokwisha kuelemewa. Maji ya rejeta yamwagwe kwenye chombo, si ardhini: yale ya rangi ya kijani huwa na utamu unaowavuta mbwa na paka, nayo ni sumu. Gari lenye kiyoyozi lina jambo la ziada. Gesi yake iko chini ya mgandamizo, na bomba likifunguliwa kwa spana huruka na kuunguza ngozi na macho kwa baridi. Itolewe na fundi wa viyoyozi mwenye mashine yake, au kompresa iachwe na mabomba yake yote, kama yanaruhusu kulazwa pembeni.

Baada ya hapo inakuja sehemu inayochukua siku nzima, na ndiyo inayoamua kama siku ya kuinua itakuwa ya amani. Kebini na chasisi zimeshonwa pamoja na vitu vingi vidogo. Usukani huteremka kupitia bati la mbele hadi kwenye boksi la stelingi lililofungwa kwenye chasisi, na kati yao kuna kiungo. Kabla ya kukifungua, mkwaruzo mmoja wa patasi upitishwe juu ya vipande vyote viwili ili siku ya kurudisha vikutane vile vile, la sivyo usukani utakaa mshazari huku matairi yamenyooka. Masta ya breki imefungwa kwenye kebini, ilhali mabomba yanakwenda kwenye matairi. Nati za mabomba hayo ni laini, na spana ya kawaida iliyo wazi huzila pembe zikawa duara. Spana inayokumbatia nati karibu yote ndiyo inayofaa. Mafuta ya breki hubabua rangi kama tindikali na hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo ncha zote huzibwa mara moja, na mafuta yaliyotolewa hayarudishwi.

Klachi ina bomba au kebo yake. Ekseleta ina kebo. Spidomita ina kebo inayopanda kutoka giaboksi. Hendibreki ina waya unaopita chini ya sakafu. Mpira wa vakyumu unatoka kwenye busta ya breki kwenda kwenye injini, na katika gari la dizeli huenda kwenye pampu ndogo ya vakyumu ambayo mara nyingi iko nyuma ya alternata. Mipira miwili ya hita hupenya bati la mbele, japo katika magari ya nchi za joto mara nyingi hukutwa imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe na hita imesahauliwa. Wenzo wa gia unatoka sakafuni na hutolewa kwa juu, na tundu lililobaki liingizwe kitambaa safi, kwani nati moja ikitumbukia kwenye giaboksi itafunguliwa siku nyingine kwa gharama nyingine.

Waya za umeme ndizo zinazomchosha mtu. Katika gari lililopita mikononi mwa mafundi umeme watano, rangi za waya hazina maana tena: waya mwekundu unaanza mwekundu, unakuwa wa bluu chini ya utepe mweusi, kisha unaishia kahawia. Dawa ni kipande cha plasta kwa kila ncha chenye namba, na namba ile ile kwenye ncha ya pili, na picha za simu kabla ya kugusa chochote. Simu imekuwa chombo cha gereji sawa na spana.

Waya mmoja unahitaji kutajwa peke yake: wa ethi. Ni msuko mfupi mpana wa shaba, bila ganda la plastiki, unaounganisha kebini na chasisi au injini. Mara nyingi umefichwa nyuma ya bati la mbele upande usiotazamwa, na umejaa grisi na vumbi hata ukafanana na kila kitu kilicho karibu nao. Katika vitu vyote vinavyosahauliwa, huu ndio wa kwanza.

Sasa bolti. Idadi yake hutofautiana, nyingi huwa nne hadi nane. Zimekaa miaka mingi zikilowa, kwa hiyo hunyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu siku mbili tatu kabla, asubuhi na jioni. Taabu halisi iko kwenye nati. Katika kebini nyingi nati haikushikwa na mkono wa mtu bali imefungiwa ndani ya kijisanduku cha bati kilichochomelewa kwenye sakafu. Kutu ikikila kijisanduku hicho, nati huzunguka pamoja na bolti, na mtu anaweza kukaza mkono wake kutwa nzima bila kupata hata uzi mmoja. Kwa juu, chini ya kapeti, hutobolewa dirisha dogo la kuingiza spana au koleo la kubana, na dirisha hilo huzibwa baadaye kwa bati. Hilo ni bora kuliko moto wa gesi: raba iliyo katikati hushika haraka, hutoa moshi mweusi wa kukereketa, na ndani ya kebini kuna sponji, kapeti na lami ya kuzuia kelele, vyote vikiisubiri cheche. Grenda nayo hutupa cheche mbali, kwa hiyo inapolazimika, ndoo ya mchanga na kizima moto vikae karibu na mtu mmoja asiyekuwa na kazi nyingine.

Chini ya raba hupatikana mara kwa mara vibati vyembamba, kimoja au viwili, vilivyowekwa kiwandani. Havikuwekwa kwa bahati. Ndivyo vinavyosawazisha kebini ili milango ifunge kwa mwanya ulio sawa. Kila raba na vibati vyake viingie mfuko mmoja wenye alama: mbele kulia, mbele kushoto, na kadhalika.

Kebini iliyooza vizingiti vya milango inahitaji kufungwa mifupa kabla ya kuinuliwa. Milango ikitolewa, lile tundu kubwa la pembeni halina kinacholishikilia isipokuwa kizingiti cha chini, na kama kizingiti kimeliwa, kebini hujikunja katikati inapoinuliwa, nguzo ya mbele na ya nyuma zikisogeleana sentimita moja au mbili. Sentimita hizo hazirudi kwa nyundo. Vyuma vya mraba vya milimita 25 huchomelewa kwa nukta chache kutoka nguzo hadi nguzo, na kimoja mshazari, baada ya kupima ndani ya tundu la mlango kona kwa kona na kuandika kipimo ukutani kwa chaki. Vyuma hivyo hubaki hadi kebini itakaporudi na kupata vizingiti vipya.

Siku ya kuinua, chasisi huwekewa vizuizi mbele na nyuma ya matairi. Jeki mbili au nne husimama nje ya mihimili ya chasisi, chini ya mahali penye bati nene karibu na vishikio vya raba, na kati ya kichwa cha jeki na bati huwekwa kipande cha mbao. Bati tupu la sakafu halijekiwi. Jeki hutoboa kama kidole kwenye papai bivu.

Kebini hupandishwa unene wa vidole viwili. Kisha kazi yote husimama, na hakuna anayegusa jeki. Mtu mmoja huzunguka na tochi, akitazama pengo kati ya kebini na chasisi kuanzia kona hadi kona. Pengo lililo sawa pande zote ni habari njema. Mara nyingi kona tatu zimepanda na moja imekaa, na ukitega sikio husikika mlio mwembamba wa bati linalovutwa. Ndio ule msuko wa ethi umekaza kama uzi wa gambusi, au kebo ya spidomita imeshikwa na kibanio kimoja nyuma ya giaboksi, au bolti ambayo kila mtu alidhani mwenzake ameitoa. Vidole viwili ni vya kutosha kuonyesha kosa na ni vichache mno kuvunja kitu. Akiona kilichokwama, kebini hushushwa kwanza ikae, ndipo mkono uingie kukifungua. Mkono hauingii pengoni wakati kebini iko juu ya jeki.

Hatua inayofuata hurudiwa mpaka ichoshe. Upande wa mbele hupandishwa sentimita tano, mbao huingizwa kati ya kebini na chasisi, upande wa nyuma hupandishwa sentimita tano, mbao nyingine huingizwa. Jeki huinua tu, mbao ndizo zinazobeba. Mbao hupangwa msalaba kwa msalaba, kama mchuuzi apangavyo mbao mbichi zikauke, maana rundo la namna hiyo halipinduki. Matofali ya saruji hayamo kabisa katika kazi hii. Hubeba vizuri leo na kesho, kisha hupasuka ghafla bila kupinda wala kulia kwanza kama mbao inavyolia.

Pengo likitosha, boriti mbili za mbao za inchi 4 kwa 4, au mabomba manene ya chuma, hupitishwa kutoka upande hadi upande chini ya kebini: moja karibu na vishikio vya mbele, nyingine karibu na vya nyuma. Urefu wa mita tatu unafaa, kwa sababu stendi zinazobeba ncha za boriti lazima zikae nje ya njia ya matairi. Kisha kupandisha huendelea, safari hii kwa kuinua boriti. Kiasi cha kuinua huamuliwa na kitu kirefu kuliko vyote kitakachopita chini ya boriti. Chasisi ikisukumwa kwenda mbele, injini inaondoka mara moja na haina neno. Kinachobaki ni mgongo wa giaboksi na tairi za nyuma. Tairi la 195R14, lililovaliwa na pikapu nyingi ndogo, lina kimo cha karibu sentimita 67, kwa hiyo tumbo la boriti lipite juu ya sentimita 70. Chasisi ikisukumwa kurudi nyuma, injini nzima italazimika kupita chini ya kebini, na kimo kinachohitajika huwa kikubwa bila faida yoyote.

Wanaosukuma wawe wawili, nyuma ya chasisi, na mmoja pembeni mwenye sauti pekee inayosikilizwa. Akisema simama, wanasimama hata kama zimebaki sentimita kumi. Breki za gari zimekwisha kufunguliwa, kwa hiyo kizuizi cha mbao kifuate tairi mkononi mwa mtu, hasa ua ukiwa na mteremko usioonekana kwa macho. Hakuna anayepita chini ya kebini, hata kuokota spana.

Njia ya kuning'iniza inapendwa zaidi kwa kuwa inaonekana ya kifundi. Chenibloku ya tani moja inatosha sana kwa uzito huu. Swali ni imefungwa wapi. Kenchi za paa la nyumba zilijengwa kubeba mabati na upepo, si mzigo wa kuning'inia katikati. Tawi la mwembe, ambalo limeinua injini nyingi katika gereji za chini ya mti, halionyeshi kwa nje kama limeliwa na mchwa kwa ndani. Fremu ya chuma yenye miguu minne iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ndiyo inayoaminika. Mikanda nayo ina hesabu yake. Mzigo wa kilo 200 ukishikwa na mikanda miwili inayopanda kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mkanda huvutwa kwa karibu kilo 115. Kwa nyuzi 45 huwa 141. Kwa nyuzi 30, mikanda ikiwa imelala, kila mmoja huvutwa kwa kilo 200 kamili, na wakati huo huo hubana paa la kebini kwa ndani kama mkono unaominya kopo. Chuma cha kutanua kikiwekwa juu ya paa, mikanda ikashuka wima, paa hupona. Kamba ya katani ya kuvutia magari haina kazi hapa. Na kebini inayoning'inia hushika upepo: kusi likipuliza huzunguka, kwa hiyo hufungwa kamba mbili za kuiongoza, zikishikwa kwa mbali.

Kebini iliyobaki juu ya stendi isiachwe huko wiki tatu. Hushushwa kwa mpango ule ule, sentimita tano tano, hadi juu ya magogo mafupi, ikafunikwa turubai lenye nafasi ya hewa. Kama chasisi yenyewe inabadilishwa, si kutengenezwa tu, hilo ni jambo la karatasi pia, kwa sababu namba iliyogongwa kwenye chasisi ndiyo jina la gari kwenye kadi. Tanzania usajili uko TRA, Kenya uko NTSA, na mazungumzo nao hufanywa kabla ya chasisi ya zamani kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kurudisha ni safari ile ile kinyumenyume. Raba mpya huwekwa na vibati vyake vya zamani, bolti hupakwa grisi na kuingizwa zote kwa vidole kabla ya yoyote kukazwa, milango hufungwa na mianya yake kutazamwa, ndipo spana ifanye kazi. Msuko wa ethi hurudi mahali pake ukiwa umesuguliwa ung'ae. Ukisahauliwa, mkondo wa starta hutafuta njia nyingine na kuipata kwenye kebo ya ekseleta, inayoweza kupata moto hadi kuyeyuka. Breki hutolewa upepo tairi kwa tairi, kiungo cha stelingi hutazamwa na mtu wa pili asiyekifunga. Gari likishatembea kilomita mia hivi, raba mpya zimeketi, na bolti za kebini hukazwa mara nyingine.